Jeneza la Herufi za Kurukaruka

Kwenye kiti cha nyuma ndani ya basi, muuza ndoo alijifanya amesinzia, masikio yote kwa wawili waliokaa mbele yake.

Kijana mtengeneza matangazo alimwonyesha mama asiyemjua simu yake. “Tangazo hili nilimtengenezea mjomba, fundi majeneza. Nikaweka herufi nene za kurukaruka, zilezile za duka la midoli. Lilisambaa mtandaoni, mama!”

“Nililiona. Mume wangu alicheka mpaka machozi.”

“Lakini wateja walikata mguu. Mjomba kafunga karakana.”

Makofi hayashibishi, akawaza muuza ndoo.

Mama akarudisha simu. “Mwezi uleule mume wangu akafariki. Kazi ya mjomba wako tunaijua ni imara, ni jirani yetu. Lakini ningemlazaje mzee kwenye sanduku lililochekesha mtaa mzima? Tukanunua mbali. Kitako cha jeneza hilo kikaachia makaburini.”

Kondakta akaita kituo alichoomba kijana. Hakuinuka.