Mwenyekiti Mpya na Sahihi ya Kapteni

Kijiwe chetu ni benchi moja la mbao na ndoo mbili zilizogeuzwa, mbele ya geti la wafanyakazi la uwanja wa ndege. Ng'ambo ya barabara ndiko iliko ofisi ya chama cha marubani. Asubuhi ile mlango wake ulikuwa wazi tangu saa moja, kwa sababu uongozi mpya ulikuwa unapokea funguo, na saa nne kamati ingekaa kikao cha kwanza. Ajenda ilikuwa moja na kila mtu getini aliijua: chama kimsimamie yule kapteni kijana aliyekataa kurusha ndege kwa uchovu, au kimwache afukuzwe? Mwenyekiti wa zamani alikuwa ameshamtosa. Barua ya kumfukuza ilikuwa tayari, ikingoja tu neno la mwenyekiti mpya, mwanamke, rubani wa ndege ndogo, ambaye pale kijiweni hakuna aliyewahi kumwona uso.

Mimi benchini wananiita Shemasi, kwa sababu nasali kabla ya kuwasha gari. Kazi yangu ni kuwapeleka marubani makwao na kuwarudisha kazini. Madereva tuko sita. Niseme mapema, maana Mungu anajua tayari: siku ile mimi ndiye niliyempeleka yule kapteni. Na sisi madereva tuna tabia yetu. Daftari la gari lina mahali pa kuandika saa ambayo rubani amefika kwake, na mahali pa sahihi yake. Inatakiwa tujaze mlangoni pake. Lakini mlangoni mtu amechoka, begi huku, mtoto kamrukia kule. Basi tunajaza palepale uwanjani kabla hatujaondoka, saa tunaikadiria, tunamwambia, "Kapteni, weka sahihi kabisa," naye anaweka. Niliandika saa kumi na moja jioni. Njiani tairi likapasuka, na la akiba halikuwemo, nilikuwa nimemwazima shemeji yangu. Tulifika kwake saa mbili usiku. Gari jingine lilipomfuata saa kumi na moja alfajiri akasema hajatimiza saa kumi na mbili za mapumziko kama sheria inavyotaka, akafunga mlango. Abiria mia na thelathini wakakaa mpaka mchana. Daftari linasema amepumzika saa kumi na mbili kamili, na sahihi ni yake. Jina la dereva halimo, tunaandika namba ya gari tu, na magari tunapokezana. Kapteni alipoulizwa alisema ni mzee mmoja mpole. Wazee tuko wanne. Bosi wa magari akatupanga mstari, akauliza nani alichelewa siku ile. Mimi nikatazama viatu vyangu.

Waziri ndiye aliyeanza. Ni mpakiaji mizigo, ila habari za serikali na za majirani zote anazo yeye kwanza.

Waziri: Huyu mama hamalizi mwezi. Nimeambiwa uongozi wa zamani umeondoka na birika, viti vinne na mhuri. Atagonga barua kwa kisigino?

Spana: Nani kakuambia?

Waziri: Nina watu wangu.

Spana: Watu wako ni masanduku.

Spana ni fundi wa breki za ndege, mtu wa maneno machache na mikono myeusi. Mama Buli, mwenye kahawa, alicheka peke yake.

Waziri: Chekeni. Nani kamweka pale? Kampuni. Wametafuta mtu mpole ili barua ya kijana ipite. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Mgeni ni yeye, mwenyeji ni kampuni.

Mama Buli: Baba, hiyo methali umeivalisha suruali ya mwenzake.

Waziri: Inamkaa vizuri tu.

Spana: Kampuni haina haja ya kumweka mtu. Sahihi ya kijana ipo daftarini. Mwenyewe kaandika amefika saa kumi na moja.

Waziri: Kijana mwenyewe nina shaka naye. Nasikia kalipwa na wenye mabasi. Ndege zikikwama, mabasi yanajaa.

Mama Buli: Basi gani linavuka bahari?

Waziri: Wenye meli, basi. Wenye mabasi na wenye meli ni ndugu, mama mmoja.

Nilikuwa nimeshika kikombe kwa mikono miwili kama mgonjwa. Saa ya ukutani, ile inayoonekana kupitia mlango wa ofisi ya chama, ilikuwa saa tatu na nusu.

Spana: Shemasi, umekaa kama umemeza jiwe. Wewe si dereva wa hao hao? Wenzako wanasemaje?

Hapo ndipo mlango uliponifungukia, wapendwa, na mimi nikaurudishia kwa mkono wangu.

Mimi: Sisi tunaendesha tu, ndugu yangu. Mambo ya ofisini hatuyajui.

Spana alinitazama zaidi ya kawaida. Kisha akageukia kikombe chake.

Mama Buli: Mama yake kijana alikuja jana. Amevaa gauni la kanisani, na leso mkononi. Alikuwa anatafuta ofisi ya chama.

Waziri: Nani alimwonyesha?

Mama Buli: Si huyu huyu Shemasi? Alimvusha barabara kabisa, kamshika mkono. Watu wa Mungu hawajifichi.

Ni kweli nilimvusha. Aliniambia mwanawe hajawahi kusema uongo tangu utotoni, hata akivunja sahani. Nikamjibu, "Tumwombee, mama." Nilimwambia mama wa mtu tumwombee, na dawa ninayo mfukoni. Usiku ule nilipopiga magoti sikupata neno la kuanzia.

Waziri: Mimi nasema hivi. Kijana alifika nyumbani saa kumi na moja, akatoka tena. Ana mke wa pili ng'ambo ya reli. Uchovu wenyewe ndio huo.

Mama Buli: Umeanza.

Waziri: Lisemwalo lipo.

Spana: Linasemwa na nani?

Waziri: Si nimelisema mimi sasa hivi?

Watu wawili waliokuwa wakipita na vitambulisho shingoni walisimama kusikiliza. Mmoja akaitikia, "Na mimi nimesikia hiyo ya mke wa pili." Yaani maneno ya dakika moja yalikwisha kuota miguu. Nikayaona yanavuka barabara, yanaingia kwenye kikao, yanakaa kitini kabla ya kamati.

Wakati huo alikuja mwanamke mmoja wa makamo, gauni la kijivu, viatu bapa, faili chini ya kwapa. Akaomba kahawa. Spana akampisha, naye akakaa kwenye ukingo wa benchi kama mtu anayengoja kuitwa.

Waziri: Karibu, dada. Unasikia mambo ya mwenyekiti mpya?

Mgeni: Nasikia.

Waziri: Huyo leo saa nne anamzika kijana. Na asipomzika, kampuni inamzika yeye. Samaki mkunje angali mbichi, ndiyo maana wanamkunja siku ya kwanza.

Mgeni: Na huyo kijana, nyie mnaonaje? Alichelewa kufika kwake au hakuchelewa?

Waziri: Daftari linasema hakuchelewa.

Mgeni: Daftari nimelisoma. Saa kumi na moja kamili. Na kurasa zote za nyuma ni saa kamili au nusu. Mwezi mzima hakuna rubani aliyefika kwake saa kumi na moja na dakika saba.

Mama Buli aliweka buli chini taratibu. Wote tulijua sasa tumekaa na nani.

Mgeni: Waliotangulia wamenikabidhi faili hili. Kuna maneno ya kampuni, ya abiria, ya daktari, ya kijana mwenyewe. Nimelisoma mara mbili, kuna mtu mmoja simwoni humo. Dereva alikuwa nani?

Waziri, mwenye watu wake kila ofisi, alikuna goti. Wale wa vitambulisho wakakumbuka kazi zao. Spana hakumtazama yule mama. Alinitazama mimi, na ndipo nikajua kwamba tangu lini sijui, fundi huyu alikuwa anajua ni mimi niliyelitoa tairi la akiba garini.

Aliniachia niseme mwenyewe.

Nilifikiria watoto. Nilifikiria shemeji, bosi wa magari, na kazi ya miaka kumi na tisa. Niliomba Mungu anipe ujasiri. Sikuusikia ukija. Nikasema hivyo hivyo, bila ujasiri.

Mimi: Ni mimi, mama.

Waziri akacheka, akidhani ni utani wangu wa kwanza tangu anijue. Alipoona hakuna mwenzake, akaacha.

Mgeni: Mlifika saa ngapi?

Mimi: Saa mbili usiku. Saa kumi na moja niliiandika uwanjani kabla ya kuondoka, nikamwambia aweke sahihi. Tairi la akiba nilikuwa nimemwazima mtu.

Mgeni: Unajua ukisema hayo mbele ya kamati, kampuni itakuanza wewe.

Mimi: Najua.

Mgeni: Utayasema?

Mimi: Hapa nimeyasema. Kule sijui.

Sikutaka kumwahidi. Wiki nzima nilikuwa nimewapa watu maneno mazuri.

Yeye hakunisifu wala hakunikaripia. Alimaliza kahawa yake, akaweka faili kwapani, akasimama.

Mgeni: Basi twende kabla hujajua.

Waziri: Shemasi, kaa kwanza tuzungumze. Mambo haya yana njia zake.

Mama Buli: Kikombe chako bado kimejaa, baba.

Nilikiacha. Tulivuka barabara, yeye mbele, mimi nyuma, na sauti za kijiwe zikiniita kwa jina walilonipa. Sikugeuka. Najijua: ningegeuka, ningerudi kukaa.