Meza ya Ginette wa Montaubère

Wasikilizaji wapendwa, leo sina sauti ya kubembeleza. Nimekasirika, na sitawaficha. Jumanne tulimzika Ginette Lacoume, mpishi wa klabu yetu ya raga ya Montaubère. Alipika pale uwanjani miaka arobaini na mitatu. Narudia: arobaini na mitatu.

Klabu yetu ilianzishwa mwaka 1909 na mafundi viatu. Mwaka 1983 ilitwaa ubingwa wa daraja la pili. Mwaka 1999 wachezaji wakaanza kulipwa mishahara. Hayo yote yameandikwa kwa rangi ya dhahabu kwenye ukuta wa uwanja. Jina la Ginette halimo.

Kazi yake ilikuwa nini? Kipenga cha mwisho kikishalia, timu zote mbili ziliingia jikoni kwake na kuketi meza moja. Supu nzito ya kabichi, maharagwe na bata, na mvinyo wa kushushia. Wageni walipakuliwa kwanza, hata kama wametuchapa vibaya.

Mwaka ule wa ubingwa, timu ya Castelnave ilikuja kucheza kwetu. Fowadi wetu Jeannot Pébarthe akamvunja pua fowadi wao, Firmin Ducasse. Firmin akaingia jikoni na pamba puani, akagoma kuketi.

"Mimi sili na mshenzi huyu!"

"Utakula," Ginette akamwambia, mwiko mkononi. "Na wewe Jeannot, mpakulie mwenzako. Paja zima. Usije ukamchagulia shingo!"

Jeannot akapakua. Miaka miwili baadaye alifunga ndoa, na Firmin ndiye aliyesimama kando yake kanisani.

Kisha, miaka sita iliyopita, tukaletewa mwenyekiti mpya. Akaja na kuku wa kuchemsha kwenye visanduku, kila mchezaji na chake. Wageni wakawa wanatoka bafuni moja kwa moja hadi kwenye basi. Ginette akaandikiwa barua arudishe funguo. Barua, jamani! Hakuna aliyethubutu kumwambia usoni.

Binti yake, Solange, anakumbuka siku hiyo. "Mama hakuililia kazi," anasema. "Aliniuliza tu, 'Sasa wale watoto wa watu wanasafiri na njaa?'"

Kwenye mazishi mwenyekiti hakuonekana. Alikuwa na kikao. Castelnave walikuja watu ishirini na wawili, na Firmin, na uzee wake wote, alibeba jeneza.

Sasa sikilizeni ufedhuli. Siku mbili tu baada ya mazishi, klabu ikatangaza kwamba jiko lile limegeuzwa ukumbi wa watu wenye mifuko minene. Na ukumbi unaitwaje? Unaitwa Meza ya Ginette. Wachezaji wa timu pinzani hawaruhusiwi kuingia. Hivi hata haya hawana?

Solange akamfuata mwenyekiti ofisini.

"Jumamosi mnacheza na Castelnave. Walisheni pale, au mtoe jina la mama yangu mlangoni."

"Bi Solange, tusigombane. Sisi tunamuenzi mama yako."

"Mnamuenzi kwa kuwafungia mlango wageni wake?"

Mwenyekiti akatazama saa. Solange akaenda nyumbani, akarudi na bisibisi, akaling'oa jina lile mchana kweupe. Mlinzi aliyetumwa amzuie alimshikia ngazi.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Solange na ukoo wote wa Lacoume, tunawapa pole kutoka moyoni. Mmempoteza mama, nasi tumempoteza mtu aliyetufundisha kupigana uwanjani na kuyaacha hukohuko. Kila mmoja wetu ajiulize alikuwa wapi siku Ginette aliporudisha funguo. Mimi nilikuwa hapa, mbele ya kipaza sauti hiki, na nilinyamaza.

Jumamosi hii, baada ya mechi, basi la Castelnave litakwenda nyumbani kwa Solange. Wamekwishakubali. Meza imepangwa ndani ya gereji, na ina viti vya timu zote mbili. Wachezaji wa Montaubère, nami nitakuwepo. Kiti chochote cha kwenu kitakachobaki kitupu, Jumapili nitamtaja aliyepaswa kukikalia hapahapa redioni, jina kwa jina.