Daktari Tak na Bahasha ya Baba Yangu

Wasikilizaji wapendwa, mchana mwema kutoka ofisi ya kijiji. Mlio mashambani, wekeni majembe chini kidogo. Leo nazungumza habari za Daktari Tak In-ok.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake ni viatu. Alipofika barazani kwetu mara ya kwanza alivivua, akavigeuza ncha zikatazama nje, kama mtu anayejua atafukuzwa.

Daktari Tak amefariki Jumanne asubuhi, chumbani kwake, ghorofani juu ya mashine ya kukoboa mpunga. Ni kiharusi. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Kwa waliochelewa kusogea karibu na kipaza sauti cha kijiji: Daktari Tak wa hapa kwetu Moraegol amefariki.

Alikuja miaka tisa iliyopita, akiacha hospitali kubwa mjini Daegu. Mdogo wake, Bwana Tak Gyu-cheol, aliniambia jana kwamba familia nzima ilimpinga. "Tulimwambia, dada, huko mtoni utaozea," alisema. "Akajibu kwamba kuna watu tayari wanaoza maini, na hakuna anayewaambia."

Mnajua alimaanisha nini. Wanaume wetu walikula samaki wa mtoni mbichi, vipande vyembamba, kwa pilipili na siki, wakishushia pombe kali ya soju. Soju, walisema, inaua kila mdudu. Na aliyekuwa na kisu chepesi kuliko wote ni baba yangu, Mzee Eom Pan-seok. Kila karamu aliitwa yeye akate.

Siku ile barazani baba alimpa daktari kipande cha kwanza, kwa mikono miwili. Wazee sita walikuwa wanamtazama. Daktari hakula. Alisema taratibu kwamba ndani ya nyama ile mna minyoo wanaokwenda kukaa kwenye ini, na kwamba samaki huyohuyo akichemshwa hana neno.

"Binti," baba akamwambia, "mimi namla huyu tangu sijaota meno. Wewe umekula vitabu. Sasa tazama, nani kati yetu ana mashavu?"

Wazee walicheka mpaka soju ikamwagika. Daktari naye alitabasamu. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Tupime."

Akagawa bahasha ndogo kila nyumba. Kila mtu aweke choo chake kidogo, jina liandikwe juu. Vidonge vipya vilikuwa vimefika, na atakayekutwa na mayai ya minyoo angepewa. Wanaume thelathini na mmoja walikutwa nayo. Baba hakukutwa. Narudia, kwa sababu mambo yote yalianzia hapo. Baba yangu, mla samaki mbichi kuliko wote, karatasi ya majibu ilisema hana kitu.

Aliitundika karatasi ile ukutani, karibu na picha ya babu. Wanaume wakaja kuisoma. Wakasema kama Pan-seok hana, basi hakuna mwenye nayo. Vidonge vikatupwa jikoni, motoni. Mwezi haukuisha, baba alikuwa anapita nyumba hadi nyumba na wino, watu wakigonga mihuri yao ya majina kwenye barua ya kutaka daktari aondolewe.

Daktari alikuja kwetu mara tatu kuomba bahasha ya pili. Mara ya tatu baba alimrushia chumvi, kama anavyofukuzwa mtu wa mkosi. Ilimwangukia mgongoni. Hakuondoka. Alizunguka nyuma, akanikuta naosha mchele.

"Mwanangu," akaniuliza kwa sauti ya chini, "ile bahasha ilinifikia kama ilivyotoka kwa baba yako?"

Nilitazama mchele. Alisubiri mpaka maji yakafurika bakulini. Halafu akaenda.

Afisa wa wilaya alipokuja, watu walijaa ukumbini. Alinyanyua karatasi ya baba, akamwuliza daktari kama ni yake. Daktari angeweza kusema ana shaka na bahasha. Angejiokoa. Alitazama upande wa wanawake, nilipokaa. Kisha akajibu kwamba karatasi ni yake, na kama ina kosa, kosa ni lake.

Akanyang'anywa kituo cha afya. Wiki ileile akapanga chumba juu ya mashine ya kukoboa, akaendelea kutibu.

Miaka miwili baadaye macho ya baba yaligeuka njano. Uvimbe kwenye ini. Yeye mwenyewe ndiye aliyesema daktari aitwe. Mama alikuwepo, na anayakumbuka maneno yao. "Baba yako alimwambia, daktari, karatasi yako ilinidanganya. Naye akamshika mkono, akasema, ndiyo, Mzee, ilikudanganya. Nisamehe."

Baba alifariki kabla ya msimu wa kusindika kabichi za kimchi. Baada ya mazishi, wanaume walianza kupanda ngazi za mashine, mmoja mmoja, kuomba vidonge.

Kwa Bwana Gyu-cheol na ukoo wa Tak, poleni sana. Kijiji hiki hakikumtendea haki dada yenu. Na ninyi mliorudia visu na samaki mbichi kule kwenye bwawa, tunawajua. Bahasha mpya ziko hapa ofisini. Fikirieni, kisha mje mzichukue.

Wengi bado mnasema alikuwa daktari mzuri aliyekosea mara moja. Hakukosea.

Bahasha ya baba niliibeba mimi. Darajani walikaa vijana, wakaanza kuniuliza nampelekea nani keki. Niliona haya, nikaitupa mferejini. Nikaogopa kurudi nyumbani. Nikaomba nyingine pale kituoni, nikaandika jina la baba, nikaweka choo changu. Mimi sijawahi kuonja samaki mbichi. Baba hakujua mpaka anakufa.

Mama, najua unanisikia hapo ulipo. Ni mimi.