Imbwa ya Berger

Benchi letu pale Musonoi ni miti miwili ya zamani ya reli iliyolazwa juu ya matofali, mbele ya kibanda changu cha kunyolea. Mama Honorine huja na termosi yake ya kahawa ya tangawizi mapema, kabla vijana wa pikipiki hawajaanza kugombania abiria. Asubuhi hiyo katikati yetu alikaa mtoto wa mbwa wa miezi mitano, masikio yamefungwa kwa sparadrapu nyeupe, ile plasta ya vidonda, ndani kila moja lina kipande cha katoni. Kazi hiyo niliifanya mimi. Miaka kumi na minane nashika masikio ya watu, na hakuna aliyewahi kulalamika. Mwenye mbwa ni Badibanga, fundi wa matairi ambaye hana kazi tangu mwaka jana. Dipo moja la madini kwenye barabara ya Lubumbashi lilibakiza nafasi moja ya mlinzi, kwa sharti aje na mbwa wake mwenyewe, tena awe berger, wale mbwa wakubwa wa polisi wenye masikio wima. Alitakiwa kujionyesha kesho yake saa moja. Nilikuwa nimemwahidi kwamba masikio yatasimama, na wasiwasi sikuwa nao hata kidogo.

Nikabandua sparadrapu. Sikio la kulia likasimama, tukapiga makofi. Kisha likalala. La kushoto halikujisumbua kabisa.

— Si kitu, nikasema. Inachoka tu. Tufunge tena.

— Wiki tatu, tata! Badibanga akasema. Wiki tatu niko na imbwa mwenye bandeji, batu banamupatia pole mu njia. Na kesho njo siku yenyewe.

Samy, mchimbaji ambaye sisi tunamwita Boisage kwa sababu ya kazi yake ya kutega miti mashimoni ili yasiporomoke, akaweka kikombe chini.

— Katoni haiwezi. Mu shimo ukitega katoni, banakuzika. Sikio ni galeri, njia ya ndani ya shimo. Inaomba miti tatu: moja huku, moja huku, ya tatu inabeba juu.

— Miti mu sikio ya mutoto wa imbwa? Badibanga akauliza.

— Kiredani, tata. Ile kijiti ya kutosha nyama mu meno.

— Mifupa njo inakosa, akasema Mama Honorine. Apewe fretin, ile samaki kidogo-kidogo, asubuhi na mangaribi. Batoto yangu saba nililisha fretin. Nani alishaona sikio yao moja inalala?

— Mama, batoto bako ni batu! akasema Badibanga.

— Njo maana nasema.

Beya alikuwa anangoja zamu yake ya kunyolewa. Yeye ni Ingénieur. Jina alilipata kwa kumwendesha injinia mmoja miezi miwili, na tangu siku hiyo hajawahi kusema "sijui".

— Munatafuta mbali, akasema. Kila siku kule ku shimo banalipua: bum! Imbwa anafunga masikio, vile weye unafungaka dirisha. Bum, anafunga. Bum, anafunga. Kisha anaona kufungua ni bure.

— Na imbwa ya tata Rémy, jirani yetu? Mama Honorine akauliza. Iko papa hapa, masikio imesimama sawa pembe!

— Ile ni kiziwi.

Tukacheka hadi mbwa akatikisa mkia. Ingénieur hakucheka.

— Na kuko ingine. Anakunywa mayi ya hapa. Mayi iko na kobalti, kobalti iko na uzito, inapanda mu sikio, sikio inalala. Sasa, aimant inavutaka kobalti. Tosha aimant mu haut-parleur, weka mu kofia, mutoto avae. Masikio itapanda yenyewe.

— Na kofia ikianguka? Samy akauliza.

— Masikio itaibeba.

Msinicheke. Niliingia kibandani nikafungua spika ya redio yangu kwa bisibisi, nikatoa sumaku, nikaishika juu ya kichwa cha mbwa. Ilivuta pini zangu mbili za nywele kutoka mfuko wa shati. Masikio yalibaki pale pale, na mbwa akailamba sumaku.

— Munacheka, Badibanga akasema polepole. Muke wangu Noëlla aliniambia jana: kazi ikikosa, anarudia kwao Sandoa na batoto. Aliisema bila kelele. Akipiga kelele, naishi naye. Ile ya bila kelele njo inaniogopesha.

Mama Honorine akammiminia kahawa. Roho iliniuma, maana ahadi ilikuwa yangu. Hata hivyo nikachukua sparadrapu mpya.

Hapo akafika mama mmoja mwenye mfuko wa maharagwe, akaomba kahawa, akasema ametoka kwao Lubudi. Jina lake Mbelu. Alimtazama mbwa, akanitazama mimi.

— Munamufunga ju ya nini?

— Masikio isimame, mama, nikajibu kwa sauti ya fundi. Ni berger.

— Mulimutosha wapi?

— Kwenu Lubudi, ku gare ya treni, akasema Badibanga. Muzee moja aliniambia: "Huyu ni imbwa ya berger, si ya kucheza." Nikamubeba palepale.

Mama Mbelu akafurahi kama mtu aliyesikia habari za nyumbani.

— Berger gani? Mukalay, ule anachungaka ng'ombe nyuma ya gare, ao ndugu yake?

 Kifaransa tumesoma sote: berger ni yule mbwa, na berger ni mchunga mifugo. Ingénieur alichungulia ndani ya kikombe chake kitupu. Mimi nilikunja sparadrapu nikaitia mfukoni. Niliona aibu, nasema kweli.

Badibanga alibandua kipande kilichobaki taratibu, asing'oe manyoya. Akamkuna mbwa nyuma ya masikio yote mawili, muda mrefu, halafu akasimama na kumkumbatia kifuani.

— Kesho naenda naye.

— Na bakikuuliza ni imbwa gani? nikasema.

— Nitabaambia: ni imbwa ya berger.

Akamgeukia Mama Mbelu.

— Mama, namba ya Mukalay uko nayo? Bakibisha, bamupigie.