Mkono wa Kushoto wa Mzee Ignas

Padre, ndugu na majirani mliopanda mlima kuja kumsindikiza mwenzetu, marehemu Ignas Andrea alizaliwa tarehe 14 Machi 1958 hapa Matombo, akasoma shule ya msingi kuanzia mwaka 1967 hadi 1973, na walimu wake walikuwa wakisema majibu anayo, ila anayatoa kwa mikono kabla ya mdomo.

Mwaka 1981 alianza kupakia ndizi sokoni Mkuyuni, na kwa jinsi alivyojua kumrudisha nyuma dereva wa lori la Fuso bila kupiga kelele, kidole kulia, kidole kushoto, ngumi simama, akafanywa mwongoza magari wa soko, kazi aliyoifanya hadi 2019 bila kuangusha hata kibanda kimoja cha mama ntilie.

Tarehe 6 Septemba 1986 alifunga ndoa na Ester, wakajaliwa Amosi, Emmanuel na binti wa mwisho, Hosiana, ambaye Juni 2017 alipoaga kwenda Kihonda kuolewa na Sufiani, kijana wa Kiislamu, baba yake alipunga mkono mara moja kama anayefukuza kuku, binti akaondoka, asikanyage tena nyumbani.

Tarehe 2 Februari 2025 kiharusi kilimnyang'anya ulimi na mkono wa kulia, akabaki na wa kushoto, nao dhaifu, akawa anaunyoosha pembeni ya kitanda, kiganja chini, usawa wa goti, na kwa kuwa sote tunajua kimo cha mtu huonyeshwa kwa vidole vilivyosimama, kiganja kilicholala ni cha mifugo, Amosi akasema, "Baba anataka mbuzi wake," akamburuta beberu hadi mlangoni, mzee akafumba macho, kesho yake wakamletea jike, akageukia ukutani.

Ni mama yao, Ester, aliyewaambia, "Nyie watoto, mtamletea zizi zima! Huyo ni Hosiana alipokuwa mdogo, vidole ndivyo vimeshindwa kusimama," basi Hosiana akapigiwa simu, akafika na mumewe tarehe 11 mchana, akapiga magoti, "Shikamoo baba," akakiinua kile kiganja, akakiweka kichwani pake, na mzee hakukiondoa mpaka usingizi ulipomchukua.

Alifariki tarehe 13 Februari, saa tatu asubuhi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani kwa maji na kuni, madereva na wapakiaji wa Mkuyuni waliosimamisha kazi leo, na mkwe wetu Sufiani, aliyeshika jembe la kaburi tangu alfajiri na akakataa kupokewa zamu.

Mzee Ignas, binti yako amekaa hapa mbele, na mumewe yuko pembeni yake, pumzika kwa amani.