Wimbi Bila Upepo

Mheshimiwa Mkuu wa Bandari, Shehe Abdoul, wazee wa chama cha wenye boti, Mama Zaina uliyetuzalia Mouna, ndugu wageni waalikwa, amani iwe kwenu.

Leo tunaaga wawili: kompyuta ya zamani ya chumba chetu cha hali ya ziwa, na Mouna, anayekwenda bandari ya Moba kufungua chumba kama hiki.

Mimi Odile nimekaa na kompyuta ile mpaka nikaanza kuiota. Kila asubuhi ilichukua vipimo vya boya letu la mbali majini, ikagawa kimo cha mawimbi kwa mwendo wa upepo, ikatuambia kama boti ziondoke. Lakini upepo ukitulia kabisa? Hapo unagawa kwa sifuri, na mashine nyingi huzubaa. Ya kwetu ilijua kutofautisha. Wimbi lipo, upepo sifuri: ilipiga kengele, maana dhoruba iko mahali fulani mbali na wimbi lake limetangulia. Wimbi sifuri, upepo sifuri: iliandika, "Ziwa limelala."

Ilipozeeka, na aliyeiandikia programu amekwisha fariki, Mouna alitengeneza programu ya kuifanya kompyuta mpya iige akili ya ile kongwe, hesabu kwa hesabu. Tukaziweka pamoja kuzijaribu.

Mnaikumbuka asubuhi ile? Ziwa lilikuwa jeupe, laini, hata sauti za sokoni zilitufikia kana kwamba zinatoka usingizini. Mpya ikasema ziwa limelala. Ya zamani ikapiga kengele. Ninyi mngeamini ipi? Papa Prospère, usijifiche nyuma ya kofia! Boti yako ilikuwa imejaa watu na magunia ya mahindi, nawe ukapaza sauti: "Mama Odile, ile kizee njo inaota! Ziwa imelala sawa mutoto. Mutuache twende!"

Wakubwa walikuwa wamekuja kuipokea kazi ya Mouna. Angenyamaza, nani angemlaumu? Akasoma vipimo vya boya, akatoka mbio, akaikalia kamba ya boti. "Papa, shusha watu. Mashini yangu njo inadanganya. Wimbi kugawa na sifuri, sifuri kugawa na sifuri, yenyewe inajibu sawasawa: ziwa imelala." Alisema hivyo mbele ya wote, machozi yakimtoka, nami nilimpenda saa ile kama mwanangu.

Mtu wa mwisho alipokanyaga nchi kavu, mawimbi yakafika. Hakuna jani lililotikisika. Yaliiinua boti polepole, kwa upole wa kutisha, yakaipasua ubavu kwenye ukuta wa bandari. Mouna akarudi chumbani akaifundisha mashine yake upya, kila sifuri na jibu lake, na hakuna aliyethubutu kumharakisha.

Mama Zaina, jana uliniuliza: "Nani atasema ziwa iko muzuri siku mutoto wangu anaondoka?" Leo asubuhi nimeizima ile ya zamani kwa mkono wangu mwenyewe. Upepo ulikuwa sifuri. Mashine ya Mouna, peke yake, ikaandika: ziwa limelala. Boti ya Papa Prospère, yenye ubavu mpya, inangoja, na mzigo wa Mouna umo ndani.

Wangu pia umo, Mama Zaina. Namsindikiza hadi Moba.

Asanteni nyote kwa kunisikiliza. Sasa mtupishe, tunapanda.