Obwona Saverio, Aliyeiona Mvua Ikiwa Bado Mbali

Marehemu Obwona Saverio alizaliwa tarehe 14 Aprili 1991 katika kambi ya polisi hapa Kampala, mtoto wa kwanza wa Koplo Ojera na mama Aol. Alisoma shule ya msingi ya kambini, kisha akasomea ufundi wa elektroniki na kuhitimu mwaka 2013. Mwaka 2016 alifunga ndoa na Apio, wakahamia Bwaise, mtaa wa bondeni unaofurika kila mvua kubwa ikinyesha. Mungu akawapa binti, Olivia.

Kuanzia 2019 alikuwa fundi wa rada ya hali ya hewa. Mama yake alimwuliza mashine hiyo inaionaje mvua iliyo mbali. Akaeleza kwamba inarusha mawimbi yasiyoonekana. Yakigonga matone, sehemu ndogo ya nguvu hurudi kama mwangwi. Muda wa kurudi huonyesha umbali. Nguvu ikirudi nyingi, mvua ni kubwa.

"Basi unaiuliza mvua, nayo inakujibu?"

"Ndiyo, mama. Shida ni kwamba hata wadudu hujibu."

Tarehe 12 Aprili 2022 mwangwi mzito ulitokea juu ya ziwa. Obwona aliwapigia simu majirani, wakabeba magodoro hadi barabarani. Halikuanguka hata tone. Lilikuwa wingu la wadudu wa ziwani. Tangu hapo jirani yake Nafuna, muuza chapati, alimtania: "Fundi, leo wadudu wako wanashuka saa ngapi? Niwakaangie?" Naye alicheka. Lakini kila wingu lilipopanda aliutazama mfereji mkubwa unaopita Bwaise.

Hakuugua. Tarehe 3 Mei aliona mwangwi mwingine, ukitoka nchi kavu, wasikotoka wadudu wa ziwani, na kuja Bwaise. Akapiga simu. "Wadudu tena!" watu wakasema, wakaendelea na kazi. Hata mama yake alimjibu, "Maliza zamu yako kwanza, mwanangu."

Mwenzake Augustin alipompokea zamu, Obwona alipanda bodaboda, akaja kugonga mlango mmoja mmoja. Maji yalifika saa kumi jioni. Aliwatoa Apio na Olivia, akawatoa watoto wawili wa Nafuna, akarudi kumchukua bibi wa nyumba ya nyuma. Ukuta ukawaangukia wote wawili. Tulimpata Obwona asubuhi iliyofuata, ameshafariki.

Ameacha mjane Apio, binti Olivia wa miaka mitano, wazazi wake, na mdogo wake Okeny.

Msimu wa mvua haujaisha. Leo Augustin yuko zamu, na ana namba ya simu ya mwenyekiti wetu wa mtaa. Simu hiyo ikilia tukiwa makaburini, msicheke, wala msingoje udongo ujae. Kimbilieni watoto walioko Bwaise. Sisi wazazi wake tutabaki kumfunika.

Mungu ampokee, ampe amani.